Kona Aliyoifungua Waziri

Ramrati alilala amekufa chini ya tairi la nyuma la lori, baiskeli yake imejikunja kama waya. Wafanyakazi wenzake wa viwanda vya mji wa Ludhiana, India, walimpita wakikanyaga pedali, macho mbele. Kuchelewa kiwandani ni kufukuzwa.

Inspekta Sekhon alichuchumaa kwenye kona. Njia panda ilikuwa imejengwa upya kwa ajili ya watu wa baiskeli, na nguzo sita za zege zikawekwa ili magari yasikate kona. Yalibaki mashimo sita.

"Nguzo ziko wapi?"

"Wezi, mkuu," alijibu Bhalla, mhandisi wa barabara. "Jana jioni zilikuwepo. Mfunge dereva, yaishe."

Dereva alikuwa na pingu tayari. "Afande, kona ilikuwa wazi! Ningejuaje?"

Sekhon alizamisha mkono shimoni, akatoa petali za njano zilizopondeka. Akapapasa shimo la pili, la tatu. Yote yalikuwa nazo.

"Jana mchana watu walimrushia waziri maua alipokuja kuzindua hapa. Jioni mkafagia, barabarani haikubaki hata petali moja. Hizi ziliingiaje chini ya nguzo?"

"Upepo, mkuu."

"Upepo uling'oa na zege?"

Kituoni, Bhalla hakumaliza hata chai yake.

"Nilizing'oa mimi. Msafara una magari kumi na nane. Waziri akilazimika kupunguza mwendo, ananuna. Mwenzangu aliyemnunisha mwaka jana alihamishiwa mpakani, anachunga mawe."

"Aliagiza?"

"Wale huwa wanaagiza? Unajua mwenyewe."

"Mbona hukuzirudisha?"

"Jumapili anapita tena, anakwenda harusini. Niweke, ning'oe, niweke? Nikasema siku tatu tu. Wanaopita pale ni vibarua wahamiaji kutoka jimbo la Bihar, mkuu. Nani angeuliza?"

"Mimi nauliza."

Alikuwa Bisheshar, mume wa marehemu, amesimama mlangoni na kandambili za mkewe mkononi. Hakuna aliyemkaribisha.

"Alikuwa anaiogopa kona ile. Kila siku alizungukia relini, nusu saa zaidi. Jana nikamsikia waziri redioni, anasema sasa ni salama. Asubuhi nikamwambia, mama wee, acha kujitesa, pita pale. Wakubwa wamepatengeneza."

Sekhon aliinamisha kichwa. Bhalla hakugeuka. Aliivuta karatasi ya maungamo karibu.

"Nisaini wapi, mkuu?"