Swali la Njia Panda

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Hanadi alimsaidia baba yake kufungua duka lao pale Msata, mahali ambapo barabara ya Bagamoyo inakutana na ile iendayo Segera. Alifagia kibaraza, akapanga maji ya chupa kwa ajili ya abiria wa mabasi, huku midomo yake ikichezacheza. Alikuwa akikariri Jiografia. Darasa la saba zima lilijua kwamba kwa kukariri hakuna aliyemfikia Hanadi. Ukimtajia mada, alikumwagia yote bila kupepesa macho.

Ndiyo maana hakuamini macho yake siku Mwalimu Leodgar aliporudisha karatasi za jaribio. Jaribio hilo lilikuwa la kumchagua mwanafunzi wa kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya wilaya kule Bagamoyo. Hanadi alikuwa amepata alama nane kati ya ishirini. Linda, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tatu, alipata kumi na saba, naye ndiye aliyechaguliwa.

Linda alimgusa bega ili amfariji. Hanadi akautoa mkono ule.

"Ungekosaje?" alisema, na darasa zima likasikia. "Si mnasali kanisa moja na mwalimu?"

 Linda alikusanya vitabu vyake, akahamia dawati la nyuma. Mwalimu Leodgar aliendelea na somo kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

Nyumbani Hanadi alilia, akamwambia baba yake kuwa mwalimu ana upendeleo. Ushahidi hakuwa nao, na alijua hivyo, ila uchungu ulikuwa umemjaa. Baba yake, Bwana Hamoudi, hakuwa mtu wa kukubali mwanawe aonewe. Kesho yake aliacha duka limefungwa, wakafuatana hadi shuleni. Mbele ya walimu wote waliokuwa ofisini, alimwambia Mwalimu Leodgar kwamba mtu anayegawa alama kwa dini hafai kufundisha watoto wa watu.

Mwalimu hakubishana. Alimpa karatasi ya Hanadi, akamwomba asome kwanza swali, ndipo asome jibu. Swali lilitaka mwanafunzi aeleze jinsi njia panda inavyoufanya mji ukue, na atoe mifano ya mahali anapopafahamu.

Bwana Hamoudi alisoma kimya. Hanadi alikuwa ameandika maana ya usafirishaji, aina zake, faida za ndege na hasara za reli. Yote yalikuwa sahihi, tena kwa mwandiko wa kupendeza. Baba aligeuza kurasa, akarudi mwanzo, akazigeuza tena.

"Msata iko wapi humu?" alimwuliza mwanawe.

Hanadi aliinamisha kichwa. Alizaliwa njia panda, na kila siku alisikia malori yakifunga breki mbele ya duka lao. Haikumjia hata mara moja kwamba hilo ndilo lililoulizwa.

Kisha mwalimu akatoa karatasi ya Linda. Linda alikuwa amelipigia mstari neno "eleza", na pia maneno "njia panda". Chini yake aliandika kwamba magari husimama njia panda, kwa hiyo watu hufungua biashara za kuwahudumia wasafiri. Kwa mfano, hapa Msata, duka la Bwana Hamoudi huwauzia maji abiria wa mabasi ya Tanga.

Bwana Hamoudi alipofika hapo hakuendelea. Aliiweka karatasi mezani taratibu.

"Nimekukosea, Mwalimu," alisema. "Nimekukosea mbele ya wenzako, na mbele yao nakuomba radhi."

Mwalimu alipokea radhi, lakini uso wake haukuchangamka.

Siku hiyohiyo Hanadi alimwomba Linda msamaha mbele ya darasa. Linda alisema amemsamehe, akabaki palepale nyuma. Wiki iliyofuata alikwenda Bagamoyo, na aliporudi aliwasimulia wengine, si Hanadi.

Mwalimu Leodgar hakumtupa Hanadi. Alimfundisha kulitazama kwanza neno la amri: "taja" linataka majina tu, "eleza" linataka sababu. Kila hoja, alimwambia, itoe, useme ni kwa nini, kisha uipe mfano. Lisiloulizwa, liache hata kama unalijua. Katika jaribio la mwisho wa muhula Hanadi alipata kumi na nane. Aligeuka amwonyeshe mwenzake, akakuta nafasi tupu.

Baada ya kengele alimfuata mwalimu, akamwuliza kama Linda atarudi kukaa naye.

"Sijui, mwanangu," alijibu Mwalimu Leodgar. "Kwenye karatasi ile ya kwanza uliandika unayoyajua, ukaacha uliloulizwa. Kwa Linda ulisema usilolijua, ukalifanya kweli. Kosa la kwanza tumelisahihisha pamoja. Hili la pili mwalimu hawezi kukusahihishia. Kuwa mwema kwake, na usimdai arudi."

Hanadi aliitikia, akaichukua karatasi yake, akatoka peke yake.