Nusu Nyingine Inakwenda Wapi

Transfoma ilianza kuvuma kabla haijachomekwa. Joakim alikuwa ameiweka juu ya meza sebuleni, waya wake bado umefungwa kwa kamba ya katani. Elizabeth mkewe, aliyekuwa anachagua mchele mlangoni, akasikia mmmm, taratibu, mdomo umefumbwa, vile mtu anavyoitikia akiwa na mambo yake mengine.

"Joakim, hicho kitu kinaongea."

"Hicho ni chuma, Eliza. Chuma hakiongei."

"Na kinavuma kwa umeme gani?"

Joakim akainua kichwa cha waya, akakitazama, akasema labda ni pikipiki inapita. Hakuna pikipiki iliyokuwa inapita. Lakini utamwambia nini mtu aliyezunguka wiki tatu kutafuta kitu na sasa amekipata?

Maana alizunguka, jamani. Joakim alikuwa na mziki wa kukodisha pale Bariadi, wa harusi na misiba na mikutano, na mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao Marekani alimwachia amplifaya nzito, nzuri. Tatizo, nyuma yake imeandikwa volti mia na kumi, na umeme wetu sisi ni mia mbili na thelathini. Ukiichomeka moja kwa moja umeshaiunguza. Alitaka transfoma ya kushusha umeme, basi. Bariadi mjini wakamletea chaja ya kompyuta. Lamadi wakampa kifaa cha kulinda friji, wakaapa kwamba ndicho. Muuzaji mmoja akamwambia, "Kaka, mradi kichwa kinaingia kwenye soketi, hiyo ndiyo yenyewe." Mjinga yule, angeunguza nyumba ya mtu.

Mwishowe akaelekezwa Nassa, kwenye jineri moja ya zamani, kiwanda cha kuchambua pamba kilichofungwa siku nyingi. Mlinzi wake, mzee Salu, alikuwa amekaa mlangoni, mkono mmoja wa shati umefungwa fundo kwa sababu ndani yake hapakuwa na mkono. Joakim akadhani ni ajali ya mashine. Salu akamwonyesha transfoma kwa kidevu, akasema ichukue, akaingia ndani akafunga mlango, saa sita mchana. Bure kabisa! Unapewa chuma kilichojaa shaba bure, na wewe huulizi? Joakim hakuuliza.

Kulikuwa na jambo moja Joakim hakulijua. Wiki ile ile Elizabeth alikuwa ametoka kliniki, na kwenye altrasaundi ameonyeshwa mioyo miwili inadunda. Mapacha, baada ya miaka saba ya kuulizwa na kila mtu anazaa lini. Mimba mumewe aliijua, lakini hakumwambia kwamba ni wawili, kwa sababu mama mkwe angejua siku hiyo hiyo, na angetaka dawa na ngoma za mapacha za kimila, na Elizabeth ni mwanakwaya wa parokia. Akaificha furaha yake. Kimoyomoyo akawa anawaita Kulwa na Doto, majina ambayo mapacha wa Kisukuma huzaliwa nayo, wa kwanza na wa pili.

"Inafanyaje kazi?" Elizabeth alimwuliza Joakim, aliyekuwa anakaza skrubu.

"Inachukua umeme wa ukutani, inaupunguza, inaipa amplifaya nusu."

"Na nusu nyingine inakwenda wapi?"

Joakim akacheka. Fundi yeyote angecheka. Akaipigapiga transfoma mgongoni kama ng'ombe wa plau, akasema kwa sauti, "Inakula yenyewe. Kula nusu yako, mzee, mradi uniachie mziki. Nusu kwa nusu."

Mmmm, transfoma ikaitika.

Na mziki ulilia, usipime! Besi ilikuwa inaingia kifuani. Watu wakaanza kumfuata Joakim kutoka hata wilaya za jirani, naye akawa anatembea kifua mbele.

Halafu ndoo ya maji ambayo Elizabeth aliijaza asubuhi, mchana akaikuta nusu, na sakafu kavu. Akafunua ugali, ukawa nusu, umekatwa sawasawa kama kwa uzi. Kuku sita wakawa watatu, hata unyoya haukuanguka.

"Paka huyo," Joakim akasema.

"Paka gani anakata ugali kwa uzi?"

Nyumba ikaanza kunuka mbegu za pamba zilizoungua, ingawa hakuna kilichoungua. Kisha spika moja kati ya mbili ikakata. Joakim akaifungua, akakuta waya zote nzima. Alipokuwa ameinama hivyo Elizabeth akamwita kutoka upande wa kushoto, akamwita tena, akaja akamgusa bega, naye akaruka kwa mshtuko. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii kitu. Mtu wa mziki! Joakim akakaa chini akalia mbele ya mkewe bila aibu, na Elizabeth akalia naye, ila yeye alikuwa analilia kingine. Kila kilichokuwa kizima mle ndani kilikuwa kinagawanywa, na yeye alikuwa na wawili.

Kesho yake mchana Joakim alitoka kutafuta dawa ya sikio. Amplifaya ilikuwa imezimwa, waya wa transfoma umening'inia hewani. Elizabeth alikuwa jikoni, anajiambia asiende sebuleni, asiende, akasikia mmmm ikianza chini chini kama siku ile ya kwanza, na ikapanda, na ile harufu ya pamba ikaja nayo, na miguu yake ikamtoa jikoni bila yeye kuiambia kitu mpaka akawa amesimama mbele ya meza, jasho linamtiririka mgongoni, anaisikiliza ikivuma na kunyamaza, ikivuma na kunyamaza, kama mtu anayeuliza jambo na kungoja ajibiwe, na ndipo ndani ya tumbo lake, upande wa kushoto, upande mmoja tu, mtoto akapiga teke mara moja kila ilipouliza, mara moja, tena mara moja, huku mwenzake wa upande wa kulia amejikunja ametulia tuli. Elizabeth akashika tumbo kwa mikono miwili, akasema, "Usimjibu! Doto, usimjibu!" Akatoka nje mbio bila viatu.

Joakim alimkuta amekaa chini barabarani.

"Ni wawili," akamnong'oneza kwenye sikio zima. "Tumboni wako wawili, Joakim. Nilikuficha. Na yeye anajua."

Joakim hakuuliza yeye nani.

Asubuhi wakapanda basi kwenda Mwanhuzi kwa mganga Mboje, transfoma imefungwa ndani ya blanketi chini ya miguu yao. Elizabeth alisali rozari njia nzima, akijua padri angesema nini. Mboje alikuwa mzee mkavu, simu mbili kwenye mfuko wa shati, na hakutaka kabisa blanketi lifunguliwe.

"Mwadila, mayu," akamsalimu Elizabeth kwa Kisukuma, kisha akamgeukia Joakim. "Siku unaichomeka, uliiambia nini?"

Joakim akasema polepole, "Niliiambia, kula nusu yako. Nusu kwa nusu."

"Kama watu wanaolima shamba la pamba kwa kugawana."

"Nilikuwa natania, mzee!"

"Kwani huyo jini ni mtani wako? Wa kabila gani?" Mboje akatema mate pembeni, amekasirika kweli. "Huyo hana utani. Ukimpa neno, analishika. Irudishe leo ulikoitoa, useme kwa mdomo huo huo kwamba mapatano yamekwisha. Alichokula hakirudi."

"Na ambacho hajala?" Elizabeth akauliza.

Mboje akatazama tumbo lake, akatazama chini. "Inategemea, mwanangu, kama ameshagawa."

Walifika Nassa jua linaelekea ziwani. Joakim akaiweka pale pale alipoitoa, akayasema maneno mara tatu, na mvumo ukakatika. Salu hakufungua mlango. Aliuliza tu kutoka ndani, "Imekuchukua nini?"

"Sikio, mzee."

"Basi shukuru," Salu akasema.

Na kweli nyumba ikatulia. Ndoo ikajazwa ikabaki imejaa. Harufu ikaisha. Joakim akaipasua ile amplifaya kwa nyundo, akaanza kujifunza kupanga sauti kwa sikio moja. Mama mkwe akaambiwa, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Miezi mitatu Elizabeth alilala usingizi mzuri.

Alijifungulia hospitali mjini, saa nane mchana, pangaboi linazunguka darini. Kulwa alitoka analia kwa hasira, wodi nzima ikamsikia. Doto akafuata, mzito, mzuri, macho wazi. Hakulia. Nesi Gloria akampiga unyayo, akampiga tena. Mtoto akafumba mdomo.

Mmmm.

"Eh! Huyu anaimba!" Gloria akacheka. "Wa baba yake kabisa."

Joakim alipoingia akainama, akatega sikio lake zima kwenye kifua cha mtoto. Akasikia mvumo ule ule wa transfoma. Kisha akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Eliza," akanong'ona. "Hiyo ni nusu yake."

"Huyu ni mwanangu."

"Eliza, nisikilize..."

Umeme ukakatika. Pangaboi likapunguza mwendo, likasimama, na Doto akanyamaza. Kifua chake kikasimama, midomo ikaanza kuwa ya bluu, macho yamemkodolea mama yake bila kupepesa. Elizabeth akamtikisa, akampulizia puani, akaita jina lake kwa sauti iliyomwamsha kila mgonjwa mle wodini. Huko nje jenereta likakohoa, likakohoa tena, likashika. Pangaboi likaanza kuzunguka.

Mmmm, akasema Doto, na rangi ikamrudi.

Elizabeth akampa titi. Mtoto akanyonya kwa nguvu huku anavuma, na harufu ya pamba iliyoungua ikapanda kutoka utosini mwake. Mama akaufunika utosi kwa kiganja, asije mtu mwingine akaisikia.

"Nesi Gloria," akaita, "jenereta lina mafuta?"