Aliyekuwa Akimsimulia Kaka

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kwa kaka kuchukua sura ya mwisho. Ilikuwa kazi yangu ya kila Ijumaa kwa miaka kumi na minane. Yeye anaandika kwa mkono, mimi nachapa, mchapishaji anachukua. Mwandiko wake hakuna mwingine aliyeuweza. Ungedhani kuku kakanyaga wino akatembea juu ya karatasi.

Huenda umewahi kumsoma. Wasomaji walimbandika jina la Usizime Taa. Wanafunzi walimficha chini ya madawati, mafundi walimsoma hadi pasi ikaunguza nguo za watu. Vitabu kumi na saba, vyote vya wachawi na mizimu. Na mwenyewe alikuwa mwoga ajabu. Mende akipita ukutani, kaka anapanda juu ya kiti, ananiita mimi.

Hakuanza hivyo. Alikuwa karani wa masijala mahakamani, akiandika riwaya za mapenzi ambazo hata sisi ndugu zake hatukuzinunua. Maboksi yalijaa uvunguni mpaka wifi akalalamika hana pa kuweka viatu. Kisha wifi akaugua siku tisa, akafariki. Miezi mitatu baadaye kaka akaniletea muswada wake wa kwanza wa kutisha. Niliuchapa nywele zimenisimama. Nikasema moyoni, ni majonzi hayo yanaandika.

Vitabu kumi vikafuata. Halafu mwaka mzima, kimya. Hakuandika hata mstari. Mwaka huo huo mwanawe wa pekee, kijana mwenye afya yake, mcheza mpira, akaugua siku tisa. Tukamzika. Kaka akashika tena kalamu.

Sikuunganisha. Nani angeunganisha?

Basi Ijumaa hiyo nilikuta mlango wazi. Nikabisha hodi. Kimya. Koridoni palinuka udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Kutoka chumba cha kuandikia nikasikia mtu anaongea, kwa sauti ya chini, bila haraka...

"...akageuka, mkato, akamwona mama yake amekaa anamngoja, nukta. Aya mpya..."

Nikatabasamu. Nikadhani kaka hatimaye kapata msaidizi. Kisha nikaitambua ile sauti.

Ilikuwa ya mpwa wangu.

Miaka saba tangu tumzike.

Nikausukuma mlango. Kaka alikuwa peke yake, kanipa mgongo, kalamu inakimbia. Nyuma ya kiti chake hapakuwa na mtu. Ila zulia lilikuwa limebonyea mahali pawili, sawasawa na nyayo za mtu aliyesimama.

"Shangazi kafika," ile sauti ikasema.

Kalamu ikasimama. Taratibu, zulia likainuka.

Nikakaa sakafuni. Kaka hakugeuka.

"Umemsikia," alisema.

"Nimemsikia. Kaka, umefanya nini?"

Akanong'ona, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. Zamani, alisema, aliyapeleka maboksi yake sokoni kuuza. Siku nzima alikuja mteja mmoja tu, mwanamume wa makamo, nadhifu. Akakisoma kitabu chote pale pale, amesimama, hapepesi macho. Akakifunga. Akamwambia: Unajua kuandika, lakini huna cha kusimulia. Nitakupa msimuliaji. Nitajie mtu anayekupenda.

"Nilidhani anatania," kaka alisema. "Nikamtaja mke wangu. Nilimtaja kwa kujidai, mdogo wangu. Nilikuwa na mtu anayenipenda."

"Na mtoto?"

Akaanza kuzipanga karatasi mezani.

"Kaka. Na mtoto?"

"Masimulizi ya mama yake yaliisha. Yule mtu akarudi, akauliza tena. Nilikaa mwaka mzima sijibu. Kila nilikopita watu wananiuliza, kitabu lini, kitabu lini..." Akafuta uso kwa kiganja. "Mara ya pili nilijua ninachofanya."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote.

"Leo na yeye kamaliza," akaendelea. "Hiyo ndiyo sura yake ya mwisho. Na jana niliulizwa tena."

"Ukamtaja nani?"

"Nilijitaja mimi."

Nikalia, na sitaficha, kilikuwa kilio cha afueni. Mpaka pale kaka alipogeuka. Hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama vidole vyangu.

"Nisamehe," alisema. "Nikisimulia mimi, lazima awepo wa kuandika."

Aliugua siku tisa.

Magazeti yalimsifu. Mimi niliifunga kompyuta yangu kabatini, funguo nikazitupa chooni. Jioni ya kumi baada ya maziko, nikiwa jikoni naosha vyombo, harufu ya udongo ikaingia.

"Sura ya kwanza," kaka alisema nyuma yangu.

Sikugeuka. Nikafungulia bomba hadi mwisho ili nisimsikie. Kesho yake akaja, nikaimba kwa sauti mpaka koo likakauka. Siku ya tatu hakuja. Nikasema, kumbe inawezekana kukataa!

Simu ikaita. Alikuwa binti yangu, yuko chuoni mji mwingine.

"Mama, utanicheka. Jioni hii nimemsikia mjomba."

"Amesemaje?"

"Sura ya kwanza. Halafu akaniambia niandike."

"Uliandika?"

"Neno moja tu, mama. Mkono ulijiendea wenyewe."

Nililivunja kabati kwa nyundo. Usiku haujaingia, nilikuwa nimeketi, vidole juu ya vibonyezo, nikiita, "Njoo kwangu, kaka. Mwache mtoto. Njoo hapa."

Akaja.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Vitabu vinne vimetoka, jina lake juu. Mchapishaji anasema ni miswada niliyoikuta kwenye droo ya meza yake, na watu wanasema marehemu alikuwa hodari kuliko walivyojua. Binti yangu hajamsikia tena. Hunipigia kila jioni, na ndiye mtu pekee aliyebaki ananipenda.

Wiki iliyopita kaka alinisimulia kisa ambacho alikwisha kunisimulia. Nikamkumbusha.

"Kaka, vitabu vimebaki vingapi?"

"Andika tu, mdogo wangu."

"Vingapi?"

"...Hiki."

Mchapishaji anapiga simu, nasema bado. Nachapa mstari mmoja kwa siku. Kaka akisema mkato, nakaa robo saa kabla sijaubonyeza. Namwomba arudie, nasingizia masikio. Na yeye, maskini, anarudia, polepole kadiri awezavyo.

Vitabu vyake vyote huishia ukurasa wa mia mbili. Leo tumefika wa mia na tisini.