Jiwe la Chini ya Korongo

"Blanketi hili hukulifungua."

Mke alisema kwa upole, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Begi la safari lilikuwa wazi juu ya meza, kati ya cherehani na bunda la turubai. Mvua ya mchana iligonga bati. Mumewe alisimama mlangoni, viatu mkononi.

"Nililifungua. Nikalikunja tena."

"Wewe? Kukunja?" Mkewe alicheka kicheko cha mdomoni tu. "Miaka kumi na moja hujawahi kukunja hata leso yako, leo umekunja blanketi mara tatu na kulifunga kwa fundo langu la mkono wa kushoto?"

Mume alivikung'uta viatu maji ya mvua.

Mwanamke huyu alikuwa fundi wa mabegi, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mumewe alikuwa kiongozi wa wageni, akiwashusha watu kwenye korongo kubwa la jangwani, siku moja kushuka na siku moja kupanda. Begi lake hakulifungasha mtu mwingine ila mkewe, tena kwa utaratibu: cha kutumika mwisho huingia kwanza. Blanketi chini kabisa, maana jangwa mchana ni tanuri na usiku ni barafu. Kisha soksi, shati la mikono mirefu, kamba, tochi, filimbi. Kofia pana juu. Ubavuni chupa za maji, mbili zake na nne za akiba ya wageni.

Na katika mkunjo wa blanketi Fundi alificha kikaratasi chenye kitendawili. Mumewe angekikuta usiku kule chini, kusikoshika simu, na kesho yake akipanda tu, ujumbe wa kwanza ni jibu: "Ni kivuli, Fundi wangu." Akikosea, mkewe humwandikia: "Nipe mji!" Hapo hutajiwa miji yote ya dunia mpaka acheke peke yake kama mwehu.

Sasa miezi mitano majibu hayaji. Visingizio tu: nilichoka. Simu ilizima. Upepo ulichukua karatasi. Jana yake Fundi alikuwa amempigia wifi yake.

"Wifi, kaka yako ana mtu."

"Yule? Mwanaume anayekuuliza soksi zake ziko wapi na amezivaa? Huyo mtu atampata saa ngapi?"

"Usinichekeshe, nina donge hapa."

"Haya, nimenyamaza. Lakini wifi, mganga wa mabegi ni wewe. Begi halijui kusema uongo, likague."

Basi ndiyo alikuwa akilikagua.

"Sogea uone." Alitandaza karatasi nyeupe chini ya zipu, akayasugua meno ya zipu hiyo kwa kijiburashi. "Nimeshona mabegi ya viongozi wenzako wote. Vumbi la korongo ni jekundu, likiingia kwenye zipu hata ufue mara saba linabaki. Hili la rangi gani?"

"La kijivu."

"Ni la nini?"

"Saruji."

"Ahaa! Kumbe unajenga. Na mama mwenye nyumba ni nani? Nimfahamu, tusije tukapishana njiani tusisalimiane."

"Hakuna mwanamke."

"Wote husema hivyo, hata aliyempakata."

"Fundi, nabeba saruji. Kuna ghala kule mwisho wa basi. Nabeba mifuko siku mbili, nalala chumba kimoja na wapakizi wanne, halafu nakuja nyumbani kwa jina la korongo. Beji ya uongozi niliirudisha. Tangu yule mzee."

Fundi akavuta stuli, akakaa.

Habari za yule mzee alikuwa nazo. Mwalimu mstaafu, mgeni kati ya wageni sita, aliyeanguka wakati wa kupanda, kwenye kona ya tatu, akafa kabla jua halijazama. Mumewe alisimulia kuwa mzee alikataa maji, mkaidi, na kampuni ikaandika hivyo hivyo. Usiku ule Fundi alimshika mumewe kichwa kama mtoto.

"Si alikataa maji? Kosa lako liko wapi hata ukimbilie saruji?"

Fundi akalivuta blanketi.

"Haya, umekosa la kusema. Basi jibu hiki ulichokiacha hukukisoma." Akachomoa kikaratasi katika blanketi, akamsukumia. "Soma. Kwa sauti."

Mumewe akasoma. "Ukinibeba nakulemea, ukinitupa nakuua. Mimi nani?"

Viatu vilimtoka mkononi. Akateleza na ukuta mpaka sakafuni.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini? Ni maji! Mtoto wa chekechea anakijua."

"Niliyamwaga, Fundi."

"Umemwaga nini?"

"Chupa mbili za akiba. Kule chini, asubuhi, kabla hatujaanza kupanda." Macho yake yalikwenda mezani, na ya mkewe yakayafuata.

Pale palikuwa na jiwe. Jekundu, bapa, zito kama mtoto mchanga. Kila safari alimletea mkewe jiwe la kukandamizia kitambaa akikata, vijiwe kama mayai. Mkewe akawa anamtania: "Haya ya kuku nimeyachoka. Niletee la mbuni, likandamize turubai zima." Na safari ya miezi mitano iliyopita, safari ya yule mzee, alimletea hili.

"Mungu wangu," Fundi alisema. "Ulilipa nafasi jiwe langu."

"Si lako. Wewe ulitania. Mimi ndiye niliyepima, chupa mbili huku, jiwe huku, nikaona uzito unalingana. Nikajiambia kupanda ni mpaka saa sita tu, maji yatatosha. Jua likageuka. Mmoja akanywa, mwingine akanywa. Mzee akaniambia, 'Kijana, hakuna hata tone?' Nikamwambia asubiri kona inayofuata."

"Na kona inayofuata kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu."

"Akasema nini?"

"Asante. Alisema asante, Fundi."

Mvua ilizidi. Fundi aliutazama mkono wake wa kushoto, ule wa kukatia, kama wa mtu mwingine.

"Na mimi nimelitumia kukatia miezi mitano."

"Ndiyo sababu sikusema. Kila nikiingia nakukuta umeliegemea."

"Angekuwa mwanamke ningelia, ningetukana, ningenyamaza. Hili nililie vipi?" Alijifuta uso kwa kipande cha turubai. "Ameacha nani?"

"Binti mmoja. Alikuja kuchukua viatu vya baba yake. Akaniuliza, 'Kwa nini baba alikataa maji? Nyumbani alikunywa kama ngamia.' Nikamwambia wazee wana ukaidi wao."

"Umemzika mara mbili," Fundi alisema taratibu. "Mara ya kwanza kwa kiu, mara ya pili kwa ulimi. Namba yake unayo?"

"Ninayo. Nimeitazama kila siku."

"Mpigie."

"Nitafungwa."

"Huenda. Nitakufungashia begi la huko pia. Lakini sikia, mume wangu. Mume mbeba saruji namweza. Mume anayemsingizia maiti simwezi. Piga, ama chukua blanketi lako ukalale ghalani moja kwa moja."

Mume alitoa simu. Akaitafuta namba, akapiga, mkewe akambonyezea spika.

"Halo? Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, dada. Niliyewaongoza korongoni. Baba yako hakukataa maji. Aliomba. Maji hayakuwepo, kwa kuwa niliyamwaga mimi nibebe jiwe la kumletea mke wangu. Nilikudanganya."

Kwenye simu ilisikika kengele ya baiskeli, ikapita.

"Rudia."

Akarudia.

"Rudia tena pale alipoomba."

Akarudia tena.

"Miezi mitano," binti alisema, "nimemkasirikia baba yangu. Sijaenda hata kung'oa majani kaburini. Nikasema, mtu aliyechagua kuniacha kwa ukaidi, akae na majani yake." Akalia kidogo, akajizuia. "Utayasema haya ofisini kwenu? Na polisi?"

"Nitasema."

"Sijakusamehe."

"Sijathubutu kuomba."

"Hilo jiwe liko wapi?"

Fundi aliinama kwenye simu. "Liko mbele yangu, mwanangu. Mimi mkewe. Mimi ndiye niliyelitaka kubwa. Ningejua..."

"Lirudi lilikotoka," binti alisema. "Jumamosi mnishushe, nikaone hiyo kona. Jumatatu twende wote polisi." Pumzi ndefu. "Sijawahi kwenda jangwani. Nifungashe nini?"

Kazi hiyo mume aliijua kuliko jina lake, lakini aliinyoosha simu kwa mkewe. Mkewe akamtoa simu mkononi.

"Una kalamu, mwanangu?"

"Ninayo."

"Viatu usivae vipya. Vaa vilivyouzoea mguu."

"Nitavaa vya baba. Vinanipwaya."

Fundi alifumba macho. "Basi vaa soksi mbili, na jozi nyingine begini. Shati la mikono mirefu, jua lisikuchune. Kofia pana. Blanketi, usiku kule baridi inang'ata. Tochi. Filimbi nitakuletea mimi."

"Na maji?"

"Maji andika juu kabisa."

"Chupa ngapi?"

Kutoka sakafuni mume aliinua sauti. "Mwambie nitambebea mimi."



"Hapana," binti alisema. "Ya kwangu nitabeba mwenyewe."

Akakata.

Fundi alilimwaga begi lote mezani, akalikung'uta lile vumbi la kijivu, akaanza upya. Blanketi chini kabisa. Halafu blanketi jingine juu yake.

"La pili la nani?" mumewe aliuliza.

"La kwangu. Ulidhani nitakuacha ushuke peke yako na yule mtoto?"

Alijaza chupa moja moja bombani, akazipanga ubavuni, akaongeza nyingine ndani, na nyingine, mpaka turubai likatuna na mishono ikalia. Alikuwa ameishona mwenyewe, alijua itahimili.

"Na jiwe?" mumewe akauliza. "Begini hamna nafasi tena."

"Hamna."

Mume aliinuka. Akalishika jiwe kwa mikono miwili, akalipakata kifuani, akasimama nalo hivyo hivyo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Basi nitalibeba mkononi," alisema. "Mpaka chini."

Mkewe akafunga zipu.