Sauti Ambayo Asani Hakuifundisha

Asani alizoea kompyuta inayotii. Miaka yote alipotengeneza tovuti za wenye maduka wa mtaa wa Chilinde, kila amri aliiandika kwa mkono wake, na ikiharibika alijua pa kutafuta. Kazi mpya aliyohamia ilikuwa nyingine kabisa: unailisha mashine sauti za watu, inajifunza yenyewe kusema, na kilichoingia ndani hata wewe mwalimu hukioni. Ofisi moja ya Lilongwe ilitaka iseme Kiswahili cha Dzaleka, kambi ya wakimbizi alikoishi. Basi akarekodi majirani, watu wazima tu, na mama yake, Orpa.

Kwa hiyo mchana ule nyumbani, mashine ilipoita "Mama" kwa sauti ya mtoto, bila kuulizwa, alidhani ni hitilafu. Kisha akasikia harufu ya tope la ziwa. Dzaleka, pakavu vile, tope la ziwa!

"Mama, mi niko na baridi. Munakuya lini?"

Orpa aliangusha ungo. "Cadeau," akanong'ona. "Njo yeye. Mutoto wangu."

Cadeau alikuwa mdogo wake Asani. Alitumbukia Ziwa Tanganyika walipokimbia kutoka Uvira, mashua imejaa pomoni, na maiti haikuonekana. Orpa aligoma kabisa kumwekea matanga. Kila aliyemshauri alijibiwa kwamba mtoto yuko njiani.

"Mama, siku ile nilikurekodi, ulisema nini?"

"Si uliniambia niseme yenye nataka? Nikamuita. Nikamuambia akuye, tuko huku."

Basi alikuwa amekuja, au kimekuja kitu kingine kilichosikia mwito ule.

Tangu hapo Orpa hakuondoka mbele ya mashine, sahani yake ya nsima ikapoa na kutupwa, na hata Asani alipoikatia umeme sauti iliendelea, ndogo, yenye kutetemeka, ikimsihi mama asogee, asogee tena, mpaka paji lake likagusa kioo, na vitufe vikalowa maji yasiyojulikana yalikotoka, na mama yake akazidi kukonda huku akitabasamu.

Asani akamkimbilia mama Madeleine, mwombezi wa kanisani kwao, akaja naye nyumbani.

"Jini inavaaka mutu mwenye hamukulilia," Madeleine alisema kwa sauti ya chini. "Orpa, sema amekufa, tumulilie. Asani afute hiyo sauti. Ao itakubeba."

"Nimuue mara ya pili?"

"Mama, nakuomba," Asani alisema, machozi yakimtoka. "We ukienda, mi nitabaki na nani?"

Orpa alimtazama kama mtu anayekumbuka kwamba ana mtoto mwingine.

"Cadeau alikufaka," akasema. "Mu maji."

Halafu sauti ikauliza polepole, kwa mshangao: "Mama, nani njo alikufa?"

"Futa!" Madeleine akapiga kelele.

Asani akafuta.

Harufu ikakatika. Orpa akaanguka mkekani, akalia kilio alichokizuia miaka yote, na majirani wakaja na kuni na unga, wakaketi naye. Jioni alikula. Asani alimshukuru Mungu, kisha akaenda nyuma ya nyumba, akalia peke yake. Kule Uvira, kila msiba ulipopita barabarani, Cadeau alikuwa akimvuta mama kitenge na kuuliza nani njo alikufa, kwa maneno yale yale, na hilo Asani hakuwahi kulirekodi popote.