Gauni la Mahafali

"Mimi na futi kamba wapi na wapi? Mtu akipita tu hapo mlangoni, nimeshamaliza kumpima."

Hivyo ndivyo fundi cherehani alivyokuwa akijitapa, na, ndugu zangu, wateja walimpigia makofi. Alitoka nyumbani wanawe wakiwa wamelala, akarudi wakiwa wamelala. Mkewe akilalamika, alijibu kwamba kazi ndiyo inayowalisha. Ilikuwa kweli, ndiyo maana jibu lilikera.

Alasiri moja tulivu, cherehani ikinguruma taratibu, binti yake mkubwa alikuja dukani kujaribu gauni la mahafali ya kumaliza shule. Aliingia nyuma ya pazia. Akakawia kutoka.

"Limekukaa, mwanangu?"

"Baba, halishuki."

Alitoka gauni limemnasa mabegani kama gunia dogo. Mteja mmoja, mwanamke, akakohoa.

"Fundi, hilo si la mdogo wake?"

"Nilikata kwa kumbukumbu," fundi akasema.

"Kumbukumbu za lini, baba?" Binti hakuwa na hasira, na hapo ndipo palipouma. "Usijali. Nitaazima kwa binti wa mjomba. Mjomba ndiye atakayekaa kiti cha mzazi, nimeshamwomba."

Fundi alizima cherehani.

"Na suruali yangu?" akauliza kijana aliyekuwa kwenye benchi.

"Kesho."

"Bosi, kwani hunioni?"

"Nakuona. Wewe ndiye ninayekuona kila siku."

Wateja walipotoka, alipekua mtoto wa meza akatoa futi kamba lililokakamaa kwa kukaa bure.

"Simama wima. Umenipita bega tangu lini?"

"Mwaka jana. Mama alikwambia, ukasema mmm."

Akampima polepole, mara mbili kila mahali.

"Mahafali lini?"

"Jumamosi. Siku yako ya wateja."

"Sifungui."

Binti akamtazama kama mtu anayekagua mshono. "Twende ukamwambie mama mwenyewe. Mimi hataniamini."

Jumamosi duka lilifungwa. Mjomba alikuja mahafalini pia, akakaa nyuma.

FUNZO

Wazazi, kazi ina haki yake, na nyumba ina yake. Ukimalizia macho yako yote kwa wateja, utarudi kwako ukiwa mgeni, na mtoto hasubiri kukua mpaka oda ziishe. Gawa muda wako ungali na wa kugawa.

Nilitaka kuongeza funzo la pili, lakini mama yangu amesimama mlangoni, anauliza huyu anayefundisha watu kugawa muda atazifua lini nguo alizoloweka juzi.