Kabati Lisilopitisha Mawimbi

Ogi alisogeza sahani ya banitsa, mkate wa jibini, akatandaza ramani ya ghorofa ya pili ya ofisi ya waendesha mashtaka. Chumba cha nyuma cha duka la matairi kilinuka mpira. Walikuwa watatu: Ogi, ambaye ndiye bosi; Kosta, shemeji yake na mfungua kufuli; na Lyuben, mtu wa kuingia kwenye simu za watu.

"Kabati liko hapa, kwenye korido," Ogi alisema. "Waendesha mashtaka wote wanaacha simu humo kabla ya mkutano. Nje chuma, ndani wavu wa shaba. Likifungwa, simu inakuwa jiwe. Haisikii, haionekani. Wanaogopa watu kama Lyuben."

Kosta alicheka. Lyuben hakucheka.

"Fundi wao wa makabati anaumwa leo. Ugonjwa nimemlipia mimi. Mafundi ni nyinyi. Simu ya yule mama mwendesha mashtaka, Karastoyanova, ina kava la kijani. Pandikizeni mdudu wa kunasa sauti, tokeni. Na simu zenu ziwe hewani muda wote. Nataka nisikie hata mnavyopumua."

"Huyo mama ana kesi gani?" Lyuben aliuliza.

"Unaijua."

Aliijua. Ni ya kupotea kwa Plamen, mhasibu wa bandarini Burgas. Vuli iliyopita Lyuben alimwekea mdudu kwenye simu. Ogi alisema ni kumfuatilia tu. Jioni moja nukta iliyoonyesha alipo Plamen kwenye skrini ikaacha barabara, ikaingia bwawani, ikasimama. Lyuben alikuwa amevaa vipokea sauti masikioni. Alisikia yote. Polisi walimtafuta Plamen mpaka Uturuki. Tangu siku hiyo Lyuben hakuweza kulala redio ikiwa imezimwa. Kukiwa kimya, maji yalirudi.

SAA 3:50 ASUBUHI

Lyuben na Kosta walipita mlangoni wakiwa wamevaa ovaroli za bluu. Mlinzi, mzee mwenye mafua, aliwapeleka hadi kwenye korido, akarudi kukaa kwenye kiti chake mbali kule. Ogi alikuwa ng'ambo ya barabara ndani ya gari, anasikiliza.

Kosta alikinga kabati kwa mgongo wake mpana. Kufuli likalegea. Simu nane zilikuwa zimelala kwenye vishimo vyake. Ya kijani ilikuwa ya tatu.

Lyuben alitoa waya. Akaurudisha mfukoni.

"Vipi wewe?" Kosta alinong'ona.

Lyuben akachukua simu yake mwenyewe, akaiweka ndani ya kabati. Akachomoa ya Kosta kutoka mfuko wa kifuani, akaiweka pembeni yake. Akafunga mlango.

"Una wazimu? Shemeji atajua tumepotea."

"Sasa Ogi hatusikii. Sikiliza, Kosta. Plamen yuko bwawani. Ogi aligonga gari lake kwa lori. Mimi ndiye niliyemwonyesha njia."

"Aliniambia alikimbia madeni."

"Na wewe umo kwenye kompyuta ya Ogi. Simu yako. Niliiwekea mdudu mimi, tangu ulipomwoa dada yake. Kila unachosema kitandani anakisikia."

Shingo ya Kosta iliiva kwa hasira.

"Nina mtoto wa wiki tatu, Lyuben."

"Najua. Nimemsikia akilia."

Ngumi ilimpata Lyuben tumboni, bila kelele. Kisha Kosta akaokota sanduku la vifaa.

"Unataka kufanya nini?"

"Kugonga mlango huu."

"Ningoje nishuke ngazi."

"Usiende kwa Ogi. Tokea nyuma."

"Niende kwa nani sasa? Ni ndugu wa mke wangu."

Lyuben alimngoja ashuke. Mlinzi akapiga chafya. Kisha Lyuben akagonga mlango wa mkutano, na Karastoyanova, miwani kichwani, alipofungua, akasema, "Mama, mimi ndiye niliyemsikia Plamen akifa."

SAA 11 JIONI

Polisi walimfikisha Lyuben bwawani akiwa na pingu. Njiani Karastoyanova alimpa habari ya Kosta: Ogi alikamatwa karibu na mpaka, na Kosta alikuwa kwenye kiti cha pembeni cha gari lake, amefungwa mkanda, ana jeraha la kisu chini ya mbavu. Alikuwa amekufa muda mrefu. Ogi alikuwa amemuuliza kwa nini simu ilizima, na Kosta hakuwahi kujua kudanganya.

Lyuben aliwaonyesha mahali. Wapiga mbizi walishuka. Winchi ikanguruma, na paa la gari jeupe likatokea juu ya maji likiwa limejaa matope.

Mke wa Plamen, Snezhana, alikuwa amesimama kwenye majani, koti limefungwa hadi kooni. Alimjia Lyuben. Polisi walitaka kumzuia, Karastoyanova akatikisa kichwa kuwakataza.

"Wanasema ulikuwa unasikiliza."

"Ndiyo, dada."

"Aliogopa?"

Lyuben alitazama pingu zake. "Aliogopa. Alikuwa anahema sana. Lakini alishusha kioo. Kwanza alikuwa anamsukuma mbwa wake nje. Anamwambia, toka, Sharo, toka. Aliendelea kusema hivyo mpaka maji yakafika kwenye simu."

Winchi ilisimama.

"Sharo alirudi alfajiri iliyofuata," Snezhana alisema. "Amelowa chapachapa, na mvua haikunyesha. Aliniuma upindo wa gauni, ananivuta mlangoni, ananivuta. Nikamfungia nje."